Muchele mubichi katikati, uji ku inje: ongeza saa, hapana moto

Swali yenye nilipata: "Mama, nilitoka Kindu mwaka jana nikakuja kusoma Goma. Niko napanga chumba moja ku Katindo, ninajipikia mwenyewe ku babula. Kwetu Kindu sikukosaka muchele ata siku moja. Hapa kila mara inje inakuwa kama uji, katikati ya mbegu iko mubichi, na chini imeshaungua. Ninapima goblete 1 ya muchele na 2 ya mayi vile mama alinifundisha. Nikiongeza moto inaharibika zaidi. Siku barafiki balikuja nikapika goblete 6 na mayi 12, tukakula uji na sambaza, na banaendelea kunicheka mpaka leo. Nibadilishe muchele, sufuria, ao ninunue kokoti, ile sufuria yenye kufunga mvuke?"

Mwanangu, nimesoma swali yako mara mbili na nimecheka kidogo, usikasirike, ju mutu mwenye uliandika pale ni mimi mwenyewe wakati nilitoka Uvira nikapanda huku. Nilikuwa najua kupika tangu utoto, nikafika Goma muchele ikanikatala, nikasema labda ni makala, labda ni mayi ya ziwa, labda ni jirani. Kiisha nikaingia mu kazi ya kupikia batu, kwanza malewa, kiisha madoti na ndoa na vilio, na mu kazi hiyo ukipika uji banakuuliza feza yao, donke nililazimika kuelewa. Nitakujibu kirefu ju swali yako iko na vitu mbili ndani yenye batu banachanganyaka, mayi na moto, na zote mbili zinakuchezea kwa fasoni yake.

Tuanze na ile moja kwa mbili. Mama yako hakukudanganya, alikuwa napika kwa sufuria yake, na kifuniko yake, na moto yake, na hesabu ya batu ya nyumba yake, na ku ile yote moja kwa mbili ilikuwa inatoka muzuri. Lakini ile si sheria ya muchele. Mayi mu sufuria iko na kazi mbili. Ya kwanza ni ile muchele inakunywa: goblete moja ya muchele inakunywa karibu goblete moja ya mayi, ao moja na kidogo kama muchele imekaa sana mu depo na imekauka. Kazi ya pili ni kupanda juu kuwa mvuke na kukimbia, na ile haijue uliweka muchele ngapi, yeye inaangalia tu sufuria ni pana namna gani, kifuniko inafunga ao inalegea, moto iko kali ao pole, na umeacha ku moto dakika ngapi. Ukitaka kuhakikisha, siku moja weka mayi peke yake mu ile sufuria, goblete 2 ya mayi, finika, acha dakika 20 ku moto ya chini, kiisha pima yenye imebaki. Mimi ku sufuria yangu ya nyumba ilipotea karibu nusu goblete. Kifuniko ingine yenye ilikuwa imepinda, na moto kali, ikapotea goblete nzima na zaidi.

Sasa fanya hesabu ya ile siku ya barafiki. Goblete 6 ya muchele inakunywa 6 na kidogo, tuseme 6 na nusu. Mvuke inakula nusu ao tuseme moja nzima ju kifuniko yako labda si nzuri. Inafika 7 na nusu. Wewe uliweka 12. Zile 4 na nusu zenye zilibaki ulitaka ziende wapi? Zilikaa mule mule, muchele ikaendelea kunywa mpaka ikapasuka. Na siku uko peke yako na goblete 1, inakunywa 1, mvuke ya moto kali inakula 1 nzima ao inapita, mayi inaisha mbele katikati haijaiva, chini inaungua. Kipimo ni ile ile, makosa mbili za kupingana, njo maana ulikuwa unaona kama ni uchawi.

Miye nililipa masomo ile kwa aibu. Mwaka wa 2009 mu ndoa moja hapa hapa mujini nilipewa kilo 10 za muchele mu sufuria moja kubwa, mara ya kwanza kupika nyingi vile peke yangu, nikahesabu kama kwa nyumba, mbili kwa moja, nikamwanga bido nzima ya litri 20 na litri 5 tena juu yake. Kilo 10 ni karibu litri 12 na nusu ya muchele, donke litri 14 ao 15 ya mayi ingetosha. Litri 10 hivi zilikuwa za bure. Nilikuwa nasimama pale na mwiko ya urefu ya mutoto, nasubiri mayi ikauke, mayi haikauke, bageni banaingia, mama ya bibi-arusi anakuja kuangalia mu sufuria, anarudi bila kusema kitu. Ile kutosema njo ilinichoma. Tulitoa na makopo, tukakamua, tukaweka sombe mingi juu yake kuficha.

Donke kipimo yenye ninakupa wewe mutu wa chumba moja: hesabu goblete ya mayi sawa na goblete za muchele, alafu ongeza sehemu ya mvuke, yenye ni nusu goblete mpaka moja, na sehemu ile haikuwe kubwa ju umeongeza muchele. Goblete 1, mayi 1 na nusu. Goblete 2, mayi 2 na nusu mpaka 3. Goblete 6, mayi 7 na nusu, ju zile 6 zinakunywa 6 na nusu vile tulihesabu. Kiisha mara ya pili unarekebisha kufuatana na ile yenye uliona, ju muchele ya sokoni haiko na kitambulisho. Na batu benye banapimaka na kidole, ile ya kugusisha kidole juu ya muchele na mayi inafika ku kiungo ya kwanza, baniwache nibatetee, banafanya hesabu hii hii bila kujua: mayi ya juu ya muchele inabaki urefu moja ata muchele ikiwa mingi, mradi sufuria ni ile ile. Ukibadilisha sufuria, kidole inadanganya.

Sasa moto, na hapa njo Kindu na Goma zinaachana. Kindu iko chini, karibu metre 500 juu ya bahari. Goma iko ku metre 1500 hivi, Bukavu vilevile, Lubumbashi karibu 1200. Ukipanda juu, hewa inakuwa nyepesi, haifinye mayi sana, na mayi inachemuka mbele ya kufika digri 100. Kila metre 300 unapoteza karibu digri moja. Donke Kindu mayi ya mama yako ilikuwa nachemuka ku digri 98 na kidogo, hapa inachemuka ku 95. Unaweza kusema digri 3 ni nini. Ni kidogo kweli, lakini inatosha muchele ya dakika 15 ikuombe 19 ao 20, na maharagi yenyewe usiniulize, ile nitarudi.

Kitu yenye batu bengi habajue, na miye pia sikujua, ni hii: mayi ikishachemuka haipande tena. Weka makala ya gunia nzima chini yake, puliza mpaka macho ikuume, itaruka, itafanya makelele, itatupa kifuniko, lakini itabaki ku 95. Moto yenye unaongeza inaenda yote mu mvuke. Donke wakati unaonja mbegu unakuta iko mubichi, unaongeza moto, hauivishe muchele haraka, unafukuza tu mayi yenye muchele ilikuwa inangojea. Kiisha unaona mayi imekwisha, unamwanga ya baridi, joto inaanguka, unakoroga na mwiko ili ichanganyike, mbegu zenye zimeshalainika inje zinavunjika, wanga inatoka, na hapo uji yako imezaliwa wakati katikati bado ni jiwe. Nimekuchora ao sikukuchora?

Chukua mbegu moja siku ile, weka juu ya ukucha ya kidole gumba, finya na kidole ingine mpaka ipasuke. Kama ndani unaona kidoti nyeupe kama chokaa, pale mayi haijafika. Muchele kuiva ni wanga kunywa mayi na kuvimba mu joto, inaanza ku digri 60 ao 70 na zaidi kufuatana na aina, donke joto ya Goma inatosha kabisa, hiyo isikuogopeshe. Yenye haitoshe ni wakati ya mayi kutembea toka inje kuingia katikati. Njia ni ndogo, na mbegu ndefu yenye kukauka njia yake iko ngumu zaidi. Njo maana dawa ya kwanza yenye nitakupa haiko ku moto, ni kulowesha. Osha muchele, iache mu mayi ya baridi dakika 30 wakati uko unawasha babula yako (na wewe mwanafunzi najua kuwasha kwako kunakula dakika 30 hizo), utaona mbegu zinageuka kutoka rangi ya kioo kuwa nyeupe kama maziwa, na ukizivunja na meno zinavunjika kirahisi. Mayi imeshatangulia kuingia. Kiisha unachuja, na unapunguza kidogo ile mayi ya kupikia, kwa goblete 2 unaweka 2 na nusu tu, haufike 3.

Swali yako kama ubadilishe muchele. Hapana, lakini ujue yenye uko nayo. Muchele yote ni wanga, na wanga yake iko na aina mbili, moja inaachana, moja inashikana kama gundi. Mbegu ndefu nyembamba, kama ile ya Pakistan, mara nyingi iko na nyingi ya ile yenye inaachana, ikiiva inasimama moja moja. Mbegu fupi yenye kunenepa inashikana, haiko mubaya, ni asili yake, na kwa kula na mukono na samaki yenye mchuzi miye ninaipenda kupita. Muchele ya Tanzania yenye iko naletwa hapa iko na harufu nzuri, watu banailipa ju ya ile harufu, usiiharibu kwa kuosha mara kumi. Ya Plaine ya Ruzizi, kwetu kule chini, ikiwa mupya ya mavuno inakunywa mayi kidogo, ukiipimia kama muchele ya zamani unapata uji bila kosa yako. Na kuna ile yenye ilichemushwa na maganda yake mbele ya kukobolewa, inakuwa na rangi ya manjano kidogo na ngumu kama kioo, ile inataka mayi zaidi na dakika zaidi, lakini haishikane ata ukitaka. Mama muuzaji wa soko ya Virunga ao Birere ukimuuliza "hii ni mupya ao ya zamani" atakwambia ukweli kama haukumuuliza kwa kiburi.

Na wewe mutu wa Maniema usikubali bakufundishe muchele kabisa, ju kwenu muchele ni ya zamani. Ile ya Kasongo na Nyangwe ililetwa na wafanya biashara wa pwani mu miaka ya 1800, benye balikuja na misafara kutoka ku bahari, na Kiswahili yenye tunaongea leo ilipita mu njia ile ile. Muchele na lugha viliingia pamoja. Sawa, turudi ku babula.

Vile ninapika miye. Kwanza chambula ku lungo, ao ku sahani kama hauna lungo, ju jiwe moja inatosha kuvunja jino. Osha mara mbili ao tatu, mayi ya kwanza itakuwa nyeupe, ile ni unga ya wanga yenye mbegu zilisuguana mu gunia, ukiiacha inakuwa povu na gundi. Usitafute mayi iwe safi kama ya mvua, utamaliza bido bure. Lowesha, chuja. Chemusha mayi yako ya kupimwa pamoja na chumvi, iruke kabisa, njo unamwanga muchele. Batu bengine banaanza na mayi ya baridi na inatoka, siwapinge, lakini ku babula moto haiko na kifungo, ukianza na mayi ya kuchemuka unajua saa ilianza wapi. Koroga mara moja tu ili isishike chini, acha ichemuke tena bila kufinika dakika 3 ao 4, mpaka mayi na muchele vilingane na uone vitundu vidogo vidogo juu, kama vile muchanga unapumua ku kando ya ziwa. Pale njo saa ya kupunguza moto na kufinika, na kutoka pale mwiko haina kazi tena. Weka mbali. Dakika 12 mpaka 15 moto ya chini sana, kiisha toa ku moto na acha ikae dakika 10 ao 15 bila kufungua.

Ile kukaa ya mwisho batu banaona ni kupoteza wakati, sirtu mutu mwenye njaa. Lakini ukifungua mara moja utakuta juu imekauka na chini iko na mayi, na ukiacha, mvuke yenye iko ndani inajigawanya, ya chini inapanda, mbegu zenye zilikuwa nyuma kidogo zinamaliza. Ku Goma miye ninaona ile dakika 15 inafanya kazi kuliko dakika 5 zaidi za moto. Kiisha unaachanisha na uma, ukianzia ku kando, unainua, haukoroge.

Kupunguza moto ku babula kunaitaka mukono. Kama babula yako iko na kale kamulango ka hewa chini, funga karibu yote. Kama haina, toa makala nusu na koleo uweke pembeni, na zile zenye zimebaki zifunike na majivu kidogo, majivu inazipoza bila kuziua. Miye ninachukua makala mbili tatu zenye kuwaka ninaweka juu ya kifuniko, joto inatoka juu na chini, mama wa pwani banaitaka ile kupalia. Angalia kifuniko iwe ya chuma ao aluminiumu. Sufuria yenyewe ikiwa ile nyepesi yenye unaweza kukunja na mukono, itaunguza kila siku, ju joto inapita fasi moja tu pale makala inagusa. Tafuta ile nzito, ata ya okazio. Kama hauna, zungusha sufuria robo kila dakika 3 bila kufungua, inasaidia sana.

Na kitu moja juu ya babula sitaipitisha kwa kicheko. Unasema chumba moja. Usipike ndani na mulango yenye kufungwa, na usiingize babula usiku ju ya baridi, ata kama moshi imekwisha na makala iko nyekundu safi. Pale njo inaua, ile hewa ya makala haina harufu wala rangi, mutu analala na haamuke. Pika ku baraza ao ku mulango, mvua ikinyesha fungua mulango na dirisha na ukae pale pale.

Ile ya sashe. Najua jirani bamekuonyesha kufinika muchele na sashe chini ya kifuniko, na najua inaiva vizuri, ju inazuia mvuke isikimbie, mawazo yao ni ya kweli. Lakini ile sashe ilitengenezwa kubeba nyanya, haikutengenezwa kukaa mu mvuke, na ku kando ya sufuria pale chuma iko moto kuliko mayi inalainika na kuyeyuka, na zile za rangi nyeusi hakuna mwenye anajua zilikuwa nini mbele. Miye nimeacha kabisa. Pasha jani ya mugomba juu ya moto ikuwe laini, finika nayo, kiisha kifuniko, na utapata na harufu. Ao kitambaa safi chini ya kifuniko, pembe zake nne unazifunga juu ku mukono wa kifuniko zisishuke ku moto. Ao fanya kama mimi, niko na jiwe moja nyeusi ya volkano, flati kidogo, nimeiosha na niko nayo miaka, ninaikalisha juu ya kifuniko na kifuniko inanyamaza. Goma hatukoseke mawe.

Kama imeshaharibika? Kama mbegu iko ngumu na mayi imekwisha, nyunyiza mayi ya MOTO, vijiko vya supu 3 ao 4, si goblete, finika, moto ya chini, dakika 5, kiisha ikae tena. Kama iko na mayi mingi na imeiva, toa kifuniko, weka moto ya chini mpaka ikauke juu, ao imwage ku sahani pana ipumue. Kama ni uji kabisa, kubali, weka sukari na maziwa, sema ulitaka vile. Ikiungua, usikwangue, usikoroge, toa sufuria haraka uikalishe ku kitambaa cha mayi ao mu beseni ya mayi ya baridi chini, kiisha hamisha ya juu ku sufuria ingine na uache ukoko pale. Harufu ya kuungua inapanda ju ya kukwangua.

Mafuta, kijiko moja ukitaka, inapunguza povu na inateleza, si lazima. Ndimu matone machache inafanya ikuwe nyeupe kwa macho. Chumvi kijiko kidogo kwa goblete 2. Basi.

Makala iko bei, na unasoma, donke jaribu hii siku unapika goblete 2 ao zaidi. Ikishachemuka na umefinika, acha dakika 7 ao 8 tu, kiisha toa sufuria, zungushia gazeti ao kitambaa, uiingize mu kartoni yenye umejaza nguo za zamani ao blanketi, funika juu vizuri, wende ukasome. Nusu saa, dakika 40, unakuta imeiva yenyewe, haijaungua, haiwezi kuungua kabisa ju hakuna moto. Kwa goblete 1 peke yake inapoa haraka sana, haifanye vizuri. Miye mu ndoa ninafanya vile na sufuria kubwa na mablanketi, makala zenye zilibaki zinaenda kuchoma samaki.

Yenye ililala. Hauna frigo nafikiri, na ata kwa wenye banayo kuranti iko na maneno yake. Muchele yenye kupikwa isikae inje zaidi ya saa 2. Kuna mikrobi fulani mu muchele mubichi yenye mbegu zake hazikufe na kuchemusha, zinangojea ipoe, zinaamuka, zinatoa sumu, na ile sumu haitoke ata ukipasha asubui mpaka iruke. Batu banasema "nilikula muchele ya jana na chai, tumbo likanigeuka", banalaumu chai. Pika yenye utamaliza, goblete 1 inatosha mutu mwenye njaa moja na nusu.

Na sasa kokoti yako. Kokoti inafunga mvuke ndani, mufinyo inapanda, na mayi inachemuka juu ya digri 100, inafika 115 ao 120, donke inafuta mulima yote, inakurudisha chini kuliko Kindu. Kwa muchele haina maana, utalipa feza mingi kwa kitu yenye kifuniko na jiwe inafanya, na muchele mu kokoti ukikosea dakika 2 ni gundi. Lakini unakula maharagi, najua unakula, na maharagi ya hapa ku babula unaweza kuweka saa 2, saa 3, na bado inakuangalia. Kama feza iko, nunua ju ya maharagi. Angalia tu mupira wa kifuniko haijapasuka na kale katundu ka kutoa mvuke haijaziba, pitisha mayi pale mbele ya muuzaji na uone inapita.